Jeraha la Mkono Kwenye Eneo la Ujenzi: Tiba, Kumbukumbu na Fidia

Mikono mingi huumia kwenye ujenzi katika kazi ambazo fundi amezizoea kiasi cha kutozifikiria tena: kukata nondo kwa grainda iliyoondolewa kinga yake, au kukwangua zege kwenye mashine ya kuchanganyia ambayo bado inazunguka. Glavu husaidia dhidi ya makali na dhidi ya saruji mbichi, ambayo huunguza ngozi polepole, mara nyingi bila maumivu mwanzoni. Hata hivyo, glavu hiyohiyo ikikaribia drili inayozunguka inaweza kunaswa na kuuvuta mkono.

Ukubwa wa kidonda hautoshi kueleza madhara yake. Vidole havina misuli ya kuvikunja ndani yake. Hukunjwa na kano, yaani kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, zinazotoka kwenye kigasha (kati ya kiwiko na kifundo cha mkono), na kano hizo hupita karibu sana na ngozi. Mkato mdogo wa bati unaweza kukata kano na mshipa wa fahamu kwa pamoja, kisha aliyeumia akafunga kitambaa na kurudi kazini. Kwa hiyo, kabla ya kidonda kushonwa, ni lazima ijulikane kama kila kiungo cha kidole kinakunjika na kunyooka, na kama ncha yake inahisi mguso pande zote mbili. Linalodanganya zaidi ni jeraha la rangi au grisi iliyopenya kwa shinikizo kubwa: tundu huwa dogo kama la sindano na maumivu machache, ilhali uchafu umekwisha kusambaa ndani. Aliyeumia hivyo apelekwe kwa daktari wa upasuaji mara moja, hata kama anasema hajambo.

Kidole kikikatika, kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo uwekwe juu ya maji yenye barafu. Kisiguse barafu yenyewe, kwa kuwa baridi kali huharibu nyama. Mkono uliokatika kidole ukandamizwe kwa kitambaa safi na kuinuliwa, na hospitali ipewe pia taarifa ya chanjo ya pepopunda.

Baada ya upasuaji huja kipindi ambacho wasimamizi wengi hawakielewi. Kano iliyoshonwa huhitaji banzi na mazoezi yanayoongozwa na mtaalamu, na kwa kawaida mkono hauruhusiwi kubeba mizigo mizito hadi wiki 12 hivi zipite. Mshipa wa fahamu ulioshonwa huota kwa takribani milimita 1 kwa siku, kwa hiyo ukikatika kwenye kifundo cha mkono, hisia za ncha za vidole huchukua miezi kurudi, na pengine zisirudi zote. Kovu huwa limeshafunga zamani. Msimamizi huona mtu aliyepona na kumrudisha kwenye nondo. Kano hukatika upya, na upasuaji wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza.

Mkataba Na. 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unahusu matibabu na malipo kwa wanaoumia kazini, lakini haki ya mtu mmoja mmoja hutegemea sheria ya nchi yake na, kwa kiasi kikubwa, karatasi. Kibarua aliyeletwa na mkandarasi mdogo, asiye na mkataba wa maandishi, huweza kukosa fidia kwa sababu tu fomu ya hospitali imeandikwa “amejikata” pasipo kutaja kazi, mahali wala saa. Maelezo hayo yaandikwe siku hiyohiyo, pamoja na majina ya walioshuhudia na mkono ambao aliyeumia huutumia zaidi.

Tathmini ya ulemavu wa kudumu nayo isubiri hali ya mkono itulie. Mwajiri anayetoa fedha za mkupuo wiki ya pili, kwa sharti la kutia saini kwamba hakuna dai lingine, anamtaka mfanyakazi apange bei ya hasara ambayo hata daktari hajaweza bado kuipima.