Ukinunua namba kumi, hujaongeza laini hata moja

Imani hii haitaki kufa: wateja wakilalamika kwamba simu ya ofisi iko bize, dawa ni kununua namba zaidi. Namba za 020, za mezani za Nairobi, zinalipiwa, zinachapishwa kwenye kadi, na ikifika saa nne asubuhi simu bado iko bize. Inauma kuona ofisi inatoa pesa kwa kitu ambacho hakikuwa na kasoro.

Kinachoamua ni watu wangapi wataongea na nje kwa wakati mmoja ni chaneli, yaani nafasi ya kubeba simu moja. Trunki ya SIP, yaani kiungo cha data kati ya ofisi na kampuni ya simu, ikiwa na chaneli nne inabeba simu nne, iwe ina namba moja au mia. Namba kazi yake ni kuiambia swichibodi (mtambo wa simu wa ofisi) simu iende wapi: mauzo, uhasibu, mapokezi. Ukiwa na namba moja na chaneli nane, wateja wanane wataipiga kwa mpigo na wote wataingia. Ekstensheni, yaani simu za ndani ya ofisi, nazo hazihusiki. Zikipigiana zenyewe kwa zenyewe hazigusi chaneli hata moja.

Sasa tazama nani anazikalia chaneli hizo. Mteja anayesubiri huku akisikiliza muziki ameshika chaneli. Anayesikiliza "bonyeza moja kwa Kiswahili" ameshika chaneli. Meneja aliyeelekeza ekstensheni yake kwenye simu ya mkononi kupitia swichibodi anakula mbili, ya kuingia na ya kutoka, mpaka mazungumzo yaishe. Mameneja wawili wakikwama Mombasa Road na kila mmoja anaongea na mteja, chaneli nne zimekwisha, na pale mapokezi hakuna simu iliyolia.

Kabla ya kuagiza, piga hesabu. Toa ripoti ya simu ya wiki mbili, zinazoingia na zinazotoka, utafute saa yenye msongamano. Simu 30 za dakika 3 ni dakika 90. Gawa kwa 60, unapata Erlang 1.5, yaani wastani wa simu moja na nusu zinazoendelea kwa wakati mmoja. Kwa jedwali la Erlang B, linalokadiria simu zitakazokuta bize, chaneli 4 zitakataa karibu simu 5 katika kila 100, chaneli 5 zitakataa kama 1.4, na 6 hazifikishi hata nusu ya simu moja.

Jedwali hilo siliamini kikamilifu. Linachukulia kwamba aliyekuta bize amekwenda zake, na watu hawafanyi hivyo. Wanapiga tena papo hapo, mara tatu, mara nne. Isitoshe, simu iliyokataliwa huko kwa kampuni ya simu haikufika kwenye swichibodi yako, kwa hiyo ripoti yako haiijui. Omba pia orodha ya simu zilizokataliwa upande wao. Mimi huongeza chaneli mbili juu ya jibu la jedwali, na kiasi hicho kinatokana na mazoea ya kazi, si fomula.

Kuweka kwenyewe ni kazi fupi. Kampuni ikishaongeza chaneli, ingia kwenye mipangilio ya trunki ubadilishe kikomo cha simu za pamoja, kisha kagua leseni ya swichibodi, maana zipo zinazohesabu simu. Kwa kodeki ya G.711 (mfumo wa kugeuza sauti kuwa data) tenga kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande kwa kila simu. Chaneli nane zinataka karibu 700. Zima SIP ALG kwenye ruta (kipengele kinachobadilisha ujumbe wa simu za SIP unaopita), la sivyo utapata simu ambazo sauti inasikika upande mmoja tu. Funga simu za kimataifa kwa ekstensheni zisizozihitaji.

Kama bado uko kwenye laini za nyaya za shaba, kila laini ni simu moja, na inachomekwa kwenye tundu la FXO, la kupokea laini ya kampuni ya simu. FXS ni la simu ya mezani na linatoa umeme wake lenyewe. Pima waya kwa mita ya volti kwanza: laini hai isiyotumika inaonyesha karibu volti 48.

Halafu jaribu. Kwa chaneli nane, kusanya simu tisa za mkononi mpige zote kwa pamoja, na wanaopokea wasikate. Ya tisa ndiyo inayopaswa kukuta bize. Ikiwa ni ya tano, fungua logi ya swichibodi: ukiiona simu hiyo ya tano ikikataliwa humo, kikomo kiko kwako; isipoonekana kabisa, wapigie kampuni ya simu, kwa sababu chaneli ulizolipia bado hazijafunguliwa.