Kreatini na figo: kabla hujatupa kopo, pima vizuri kwanza

Kijana ana miaka 27, anainua vyuma, presha iko sawa, kisukari hana, kaenda kucheki afya tu, karatasi ya maabara inarudi kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu kuangalia figo) 128 na pembeni kuna herufi H ya kuonyesha imepanda, chini yake eGFR, yaani makisio ya kasi ya figo kuchuja damu, 68. Hapo hapo anaingia mtandaoni anasoma habari za kusafishwa damu, na usiku huo halali. Mimi ni daktari wa figo na watu wa namna hii nawapokea sana, wengi wao wanatumia kreatini, ile saplimenti ya kopo ya kuongeza nguvu za misuli, na hakuna aliyewauliza.

Niseme mapema kabisa: kreatini monohaidreti, gramu 3 mpaka 5 kwa siku, kwa mtu ambaye figo zake ni nzima, haijaonekana kuharibu figo. Kinachopanda ni namba, na namba kupanda haina maana lazima figo imeguswa.

Ipo hivi. Mwili wako wenyewe unatengeneza kreatini, karibu gramu moja kila siku, kazi inaanzia humo humo kwenye figo halafu ini linamalizia, na nyingine unaipata kwenye nyama na samaki. Karibu asilimia 95 inaenda kukaa kwenye misuli, ndiyo inayokusaidia kurudisha nguvu haraka pale unaponyanyua kitu kizito au kukimbia mbio fupi. Sasa kila siku asilimia 1 hadi 2 hivi ya hiyo akiba inageuka yenyewe inakuwa kreatinini, ambayo ni taka, mwili hauna kazi nayo, figo inaichuja inatoka na mkojo. Ukiwa na misuli mikubwa kreatinini yako itakuwa juu kidogo hata kama hujawahi kugusa saplimenti, na ukiongeza kreatini akiba inajaa zaidi na taka inaongezeka. Nyumba ikipokea wageni takataka mlangoni zitakuwa nyingi hata kama mzoa taka anapita saa ile ile kila siku, huwezi kusema kawa mvivu.

Na hiyo eGFR watu wanadhani mashine imeingia kwenye figo ikapima. Hapana, ni makisio. Fomula inachukua kreatinini, umri na jinsia, basi. Haijui una misuli kiasi gani, haijui jana usiku umekula nyama nyingi, haijui asubuhi umetoka jimu kupiga miguu mpaka unachechemea, na vyote hivyo vinapandisha kreatinini. Huyo kijana wa 68 mpime sistatini C, ambayo ni protini inayotolewa na karibu seli zote za mwili na haitegemei sana ukubwa wa misuli, tuseme inakuja 0.8, fomula yake inampa kama 119. Mtu yule yule, damu ya asubuhi ile ile! Sistatini nayo ina mambo yake, tezi ya shingo ikiwa na shida au ukiwa unatumia dawa kama prednisoloni inayumba, ila kwa mtu wa mazoezi mimi naiamini zaidi. Hata mwongozo wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, wa mwaka 2024 unasema pale kreatinini inapotia mashaka tumia vyote viwili pamoja.

Hofu yenyewe ilipata nguvu mwaka 1998, jarida la kitabibu la Lancet lilitoa taarifa ya mgonjwa mmoja, kijana wa miaka 25, vipimo vilishuka akiwa anatumia kreatini na alipoacha vikarudi. Kinachosahaulika ni kwamba huyo tayari alikuwa mgonjwa wa figo na alikuwa kwenye siklosporini, dawa ya kushusha kinga ya mwili ambayo yenyewe inajulikana kwa kuzibana figo. Mwaka uliofuata, 1999, watafiti Poortmans na Francaux wakatoa matokeo ya wanamichezo waliokuwa wametumia kuanzia miezi 10 mpaka miaka 5, figo zao hazikuonyesha tofauti na za wasiotumia. Halafu akaja mtafiti Gualano na wenzake kule Brazil, hawa nawapenda kwa sababu hawakutegemea kreatinini, walidunga kiasi kidogo cha kemikali yenye mionzi wakaangalia inatoka kwenye damu kwa kasi gani, yaani hapo unapima uchujaji wenyewe. Mwaka 2010 walimfanyia kijana mwenye figo moja tu, gramu 20 kwa siku kwa siku 5 halafu gramu 5 kwa siku 30, uchujaji haukushuka. Mwaka 2011 wakafanya kwa wenye kisukari aina ya pili, wiki 12, uchujaji haukushuka.

Lakini jamani, msije mkaitumia kreatini kama kisingizio. Nimeona mtu kreatinini imepanda anasema "ah ni saplimenti hiyo", kumbe mkojo una protini na presha iko 160. Ukiona namba imepanda, acha kreatini wiki 3 au 4, siku mbili kabla ya kipimo usifanye mazoezi makali, usiku wa kuamkia kipimo usile nyama, rudia. Na omba wapime albumini, ambayo ni protini ya damu, kwenye mkojo, kwa sababu kreatini haisababishi protini kuvuja, ikikutwa juu ya miligramu 30 kwa gramu ya kreatinini na ukirudia bado iko juu, hapo tunatafuta ugonjwa, hatubishani tena.

Tena mnaniuliza kreatini wakati kinachonikosesha usingizi mimi ni vitu vingine mlivyonavyo kwenye begi la jimu. Diklofenaki na ibuprofeni mnazomeza kila siku ili mpige mazoezi bila maumivu, hizo zinabana mishipa inayoingiza damu kwenye figo, ukichanganya na kutokunywa maji na jasho jingi figo inaweza kuzima ghafla. Sindano za steroidi za kujaza misuli, hizo zimeshaonekana kuacha makovu kwenye chujio za figo. Na zile poda mchanganyiko ambazo hujui ndani kuna nini, hizo sizitetei, mimi naongelea kreatini peke yake, iliyopimwa na maabara huru.

Wenye ugonjwa wa figo tayari, waliopandikizwa, wenye figo za malengelenge za kurithi (vifuko vya maji vinavyoota ndani ya figo), hapo jibu langu ni usianze mpaka uongee na daktari anayekutibu. Kwa figo za malengelenge kuna majaribio kwa panya ambapo kreatini iliongeza malengelenge, na mimi kwa hao nasema hapana moja kwa moja. Wajawazito na wanaonyonyesha pia nawaambia wasubiri.

Kwa wengine, ile habari ya kuanza na gramu 20 kwa siku wiki nzima siyo lazima, inajaza misuli haraka tu na tumbo linakuvuruga, ukitumia gramu 3 kila siku ndani ya kama wiki 4 unafika pale pale. Uzito utaongezeka kilo moja au mbili, ni maji yanaingia kwenye misuli. Na kabla hujaanza pima kreatinini na mkojo, karatasi hiyo itunze, maana bila namba ya mwanzo daktari wako hana cha kulinganisha nacho.