Taka za baharini Malindi: tunayoambiana na yalivyo kweli

Kila ikinyesha mvua kubwa mchanga wa hapa Malindi unajaa chupa, halafu maneno yanaanza, ati ni wavuvi hao, ati ni watalii. Wavuvi hawakosi lawama, nyavu kuukuu nimeziona kwa macho yangu, lakini plastiki nyingi ya baharini inatoka nchi kavu, na sisi tuna mto. Mto Nairobi unapita kando ya jaa la Dandora, unaingia Athi, Athi ikifika Tsavo inaitwa Galana, mwisho inamwaga baharini kaskazini mwa mji wetu ikiitwa Sabaki. Yaani chupa iliyotupwa mtaroni Nairobi inaweza kuja kutusalimia huku bila nauli! Upepo wa kaskazi ukivuma ndo balaa, maji ya Sabaki yanasukumwa kusini mpaka ghubani kwetu, kusi likivuma yanaelekea Mambrui. Na msiwasukumie watu wa Nairobi mzigo wote, mitaro yetu wenyewe inaishia wapi?

Kuna wanaosema si tunasafisha ufuo kila mara, yatosha. Jamani, siku moja tulizoa magunia kadhaa, mimi nikafungua mfuko mmoja uliofungwa fundo zuri kabisa, ndani pampasi tatu, maganda ya viazi na chupa ya dawa ya kikohozi. Huo haukuanguka mkononi mwa mtalii, huo ni wa jikoni kwa mtu ambaye gari la taka halifiki kwake, akautupa kwenye mtaro mvua ikamalizia. Usafi wa ufuo ni mzuri lakini ni kupiga deki na bomba bado linavuja.

"Mifuko si ilipigwa marufuku?" Ndio, 28 Agosti 2017, ile ya kubebea. Chupa za maji, karatasi za mkate, vipakiti vya sabuni na viungo havikuguswa. Kuanzia 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zikakatazwa kwenye hifadhi, mbuga ya baharini ya Malindi ikiwemo, ila plastiki haijui mpaka wa hifadhi uko wapi.

Kuchoma nako si dawa, moshi wake una sumu na watoto wako ndo wanaouvuta, vile vibonge vilivyobaki mvua inavibeba vile vile. Na plastiki baharini haiozi, inakatika katika vipande vidogo vidogo, samaki anameza, kasa naye akiona mfuko unaelea anadhani ni yavuyavu, yule mnyama wa baharini laini kama jeli.

Halafu hii ya "plastiki zote zinarisaikoliwa", yaani zinatengenezwa upya, ndo inanichosha zaidi. Ya plastiki yote iliyowahi kutengenezwa duniani haijafika hata sehemu moja kwa kumi iliyorisaikoliwa. Mnunuzi wa plastiki kuukuu huku anataka chupa za maji na mitungi migumu, kipakiti cha viungo hata ukimpa bure hakichukui. Na hizo chupa zikishachanganyika na mchuzi na maganda zinashuka bei au anaziacha. Ndo maana sheria ya taka ya 2022 inataka tutenganishe ya kuoza na isiyooza huko huko nyumbani.

Kwangu ni ndoo mbili tu, maganda yanaliwa na mbuzi wa jirani, chupa anapitia kijana wa mkokoteni. Pampasi ndo bado zimenishinda.