Cooper Black haihitaji kitufe cha B

"Kaka, iboldi hiyo, isomeke mpaka ng'ambo ya barabara." Juzi kaniambia hivyo mama lishe wa Majengo, hapa Dodoma, jana mwenye duka la vipuri, na leo asubuhi, kabla hata sijanywa chai, kaja wa tatu. Wote wanataka niwachapie bango, na wote wamechagua Cooper Black, fonti (mtindo wa herufi) ambayo tayari imeumuka kama andazi.

Dhana: ikinenepa zaidi, itasomeka mbali zaidi.

Hapana. Jicho linasoma wino na tundu kwa pamoja. Tazama a, e na o: kinachozitenganisha ni uwazi wa ndani. Kwenye Cooper Black uwazi huo ni mdogo tangu mwanzo, na aliyeichora alijua pa kuishia. Fonti tunayopata kwenye Microsoft Office ina unene mmoja tu. Ukibonyeza B, kile kitufe cha kuboldi, yaani kunenepesha herufi, programu haileti herufi nyingine. Inavimbisha kingo tu, kwa nje na kwa ndani, tundu linaziba na zile serifu za mviringo, yaani vijimkia vya ncha za herufi, zinagusana na herufi jirani.

Sisi Waswahili tunaumia zaidi, maana maneno yetu yamejaa irabu. Andika "Maandazi na Chapati": a ni sita, ongeza d na p, matundu manane kwenye mstari mmoja. Yule mama nilimchapia karatasi mbili za A4, moja na B, nyingine bila, nikazibandika ukutani tukavuka barabara. Yenye B ilikuwa mabaka meusi. Akakodoa macho, kisha akasema, "Basi hiyo ya kushoto." Ya kushoto haikuwa na B.

Ukitaka isomeke mbali, ongeza ukubwa, achanisha herufi kidogo, acha nafasi pembeni. Na ondoa kivuli chekundu, nakuomba. Jua la Dodoma na vumbi vitalichakaza bango bila msaada wako.

Dhana: herufi kubwa tupu zina nguvu.

Kwenye fonti hii zinakuwa ukuta wa matofali. Anza na kubwa moja, zinazofuata ziwe ndogo.

Dhana: ni fonti ya kompyuta, ya juzijuzi.

Oswald Bruce Cooper aliichora Chicago, na kiwanda cha Barnhart Brothers & Spindler kikaitoa mwaka 1922, enzi za kuchapa kwa herufi za madini ya risasi. Ilikusudiwa matangazo.

Dhana: ni ya chekechea.

Shirika la ndege la easyJet limeandika jina lake nayo, na watu wazima wanapanda.

Dhana: basi kadi nzima ya harusi iwe Cooper Black.

Majina ya maharusi, sawa. Ukumbi, saa na orodha ya kamati vinataka fonti nyembamba. Hata lebo ya chupa ya mvinyo wetu wa zabibu: jina kubwa linapendeza, maelezo ya nyuma yatakuwa uji.

Dhana: ukituma faili WhatsApp, itafunguka kama ilivyo.

Kama fonti haipo kwenye mashine yangu, kompyuta inaweka nyingine bila kuuliza, halafu nalaumiwa mimi. Geuza maandishi yawe kevu, yaani mchoro usiotegemea fonti tena, kabla ya kutuma. Ila hakiki namba ya simu kwanza, kwa sababu ikishakuwa kevu hutaweza kuifuta tarakimu moja ukaandika nyingine.