Mertensophryne micranotis: chura mdogo wa matundu ya miti na vifuu

Kiluwiluwi anayeogelea ndani ya kifuu kilichojaa maji ya mvua katika misitu yetu ya pwani si lazima awe wa mbu. Mtazame kwa juu. Ukiona pete ya nyama iliyoinuka kichwani, ikizunguka macho na matundu ya pua, huyo ni mtoto wa chura wa jenasi (kundi la spishi zilizo karibu kiukoo) Mertensophryne. Viluwiluwi wa vyura wa kawaida wa mabwawani hawana pete hiyo.

Tuanze na majina, maana ndiyo yanayovuruga kumbukumbu nyingi. Mtaalamu wa vyura na reptilia Arthur Loveridge alimweleza chura huyu, M. micranotis, mwaka 1925 kama Bufo micranotis, kutokana na vielelezo (wanyama waliohifadhiwa kwa utafiti) vya Kilosa. Mwaka 1942 akaongeza nususpishi rondoensis ya Uwanda wa Rondo, Lindi, ambayo leo haitenganishwi tena. Jenasi Mertensophryne ilianzishwa na mtaalamu Tihen mwaka 1960, kwa heshima ya Mjerumani Robert Mertens, mtaalamu wa reptilia na vyura. Kisha mwaka 2006 jenasi jirani, Stephopaedes, ikaingizwa humo. Ukitafuta kwenye hifadhidata kwa jina la sasa pekee, vielelezo vya zamani vilivyosajiliwa kama Bufo vitakupita.

Anapatikana kuanzia kusini-mashariki mwa Kenya hadi misitu ya mashariki na kusini-mashariki mwa Tanzania, pamoja na Unguja na Songo Songo. Kilosa iko mbali na bahari, na hilo huwashangaza wanaomwita chura wa pwani. Kinachomweka mahali ni msitu wa nyanda za chini wenye majani makavu ya kutosha ardhini, na vyombo vidogo vya maji: tundu la mti, kifuu, hata gamba tupu la konokono mkubwa wa nchi kavu. Mayai yake hurutubishwa ndani ya mwili wa jike, jambo adimu kwa vyura, na vikombe vichache vya maji vinatosha kulea watoto. Ndiyo maana mtafiti anayezungukia mabwawa tu na wavu wake ataandika "hayupo" mahali ambapo yupo.

Chura huyu akikomaa hufika milimita 24 hivi tu. Hapo ndipo wengi hukosea, kwani watoto wa Sclerophrys gutturalis, chura wa kawaida wa majumbani, hupita ukubwa huohuo wakikua. Picha ya mgongo peke yake siikubali kama ushahidi. Kielelezo cha jike mwenye mayai yaliyokomaa humaliza ubishi kwamba ni chura aliyekomaa.

Lakini pete ya kiluwiluwi nayo ina mpaka wake: inakupa jenasi, haikupi spishi. Kusini-mashariki mwa Tanzania yupo pia M. loveridgei, aliyeelezwa mwaka 1991, na Mafia yuko M. howelli, wa mwaka 1999. Kwa hiyo, ili spishi ijulikane kwa kipimo cha DNA, kata kipande cha mkia kwanza, ukitie kwenye ethanoli (alkoholi) ya asilimia 96, ndipo uhifadhi mwili kwenye formalini ya asilimia 10. Wanaotanguliza formalini huharibu DNA, na kiluwiluwi wao hubaki bila jina la spishi.

Nenda wakati wa masika au vuli, baada ya mvua kujaza matundu, ukiwa na kibali mkononi. Vuta maji polepole kwa bomba la sindano lililofungwa mpira mwembamba, yamimine kwenye bakuli jeupe, hesabu, kisha rudisha maji yaleyale na viluwiluwi wote usiowahitaji. Tundu likikaushwa, kizazi kizima hufa. Andika aina ya chombo, urefu wake kutoka ardhini, kina cha maji na nukta za GPS. "Kilosa" tupu haitoshi, kwa kuwa wilaya hiyo ina tambarare na milima mirefu. Na usipopata kitu, andika ulichungulia matundu na vifuu vingapi, ili atakayekuja baada yako aweze kupima uzito wa hilo "hayupo".