Bega kuganda: ugonjwa unaodhaniwa kuwa baridi ya ziwa

Kaa asubuhi moja tu mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, Kirumba au Igombe jijini Mwanza, utamsikia mtu akilalamikia bega. Huyu amevuta nyavu usiku kucha, yule amebeba magunia tangu alfajiri, mama yule anageuza dagaa juani. Ukiwauliza wana nini, wengi watakujibu kwa neno moja: baridi. "Baridi ya ziwa imeniingia begani." Chini ya neno hilo yamejificha magonjwa kadhaa yasiyofanana, na dawa ya moja huweza kulizidisha jingine. Nataka kueleza moja kati ya hayo, kwa sababu nimeliona kwa karibu na nimeona lilivyocheleweshwa: bega kuganda.

Bega kuganda ni pale mfuko unaofunika kiungo cha bega unapovimba, ukawa mnene, kisha ukasinyaa mpaka kiungo kikakosa nafasi ya kuzunguka.

Chukua chungwa uliweke juu ya kisosi. Kichwa cha mfupa wa mkono kinavyokaa begani ni hivyo hivyo: mfupa mkubwa wa mviringo umeegemea kibakuli kidogo kisicho na kina. Ndiyo maana bega huzunguka kuliko kiungo kingine chochote mwilini, na ndiyo maana pia huteguka upesi. Kinachozuia chungwa lisidondoke ni misuli minne na kano zake, yaani kamba zinazoishikiza misuli kwenye mfupa, pamoja na huo mfuko. Upande wa kwapani mfuko una mikunjo, kama shati ambalo fundi ameacha nafasi kwapani ili uweze kuinua mikono. Bega likiganda, mikunjo hiyo hushikana na nafasi hupotea. Unakuwa kama umevaa shati la mtoto: mkono una nguvu zake, lakini hauna pa kwenda.

Jina hilo alilitoa daktari wa Marekani, Ernest Codman, mwaka 1934. Mwaka 1945 daktari mwingine, Neviaser, akaonyesha kuwa penye shida ni mfuko wenyewe, unaonenepa na kusinyaa.

Mama yangu mkubwa anaanika dagaa Igombe. Ilianza kama kuchoka tu. Baadaye akawa halali kwa ubavu wa kulia, na akijisahau akageuka usingizini anaamka na kilio. Alichuliwa kwa mafuta, akachanjwa chale, akafungwa mkono shingoni kwa kanga "upumzike". Kwenye kituo kimoja alipigwa picha ya eksirei, akaambiwa mifupa yake ni mizima, hana tatizo, akarudi nyumbani. Mifupa ilikuwa mizima kweli. Lakini eksirei haionyeshi mfuko uliosinyaa, na hakuna aliyemshika mkono kuujaribu. Nilipokwenda kumsalimia nilimkuta anahangaika kufunga sidiria. "Mama mkubwa, nikusaidie?" Akanijibu, "Nisaidie mwanangu, mkono huu haunijui tena." Mkono ulikuwa umemganda, na ile kanga ya shingoni ilikuwa imeuongezea.

Kinachotofautisha ugonjwa huu na mengine mengi unaweza kukiona hata nyumbani. Mgonjwa akae, kiwiko akibane ubavuni, akikunje ili vidole vielekee mbele. Sasa mtu mwingine amshike kifundo cha mkono na kuusogeza nje polepole, kama anayefungua mlango, bila kutumia nguvu. Bega lililoganda hukwama mapema, na hukwama hata mkono ukisogezwa na mtu mwingine. Ukilinganisha na mkono mzima, tofauti utaiona mara moja. Kano iliyochanika ni tofauti: mwenyewe anashindwa kuinua mkono, lakini wewe ukimwinulia unapanda, hata kama utauma. Kwa kifupi, kwenye kano kinachokosekana ni nguvu, na kwenye kuganda ni njia. Jaribio hili halichukui nafasi ya daktari, ila litakusaidia kumweleza vizuri ukifika kwake.

Wavuvi wa dagaa wana kipimo kingine ambacho wengi hawajakitambua. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka vizuri kwa kawaida watu hupumzika. Maumivu ya kano na misuli iliyochoshwa na kuvuta nyavu mara nyingi hupungua siku hizo. Bega linaloganda halisikii mapumziko hayo. Usiku linauma pale pale, na ukilinyima mwendo linazidi kukaza.

Safari ya ugonjwa huu ni ndefu, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo tangu mwanzo. Kwanza huja miezi ya maumivu makali, hasa usiku, huku mkono ukipungua mwendo kidogo kidogo. Kisha maumivu hutulia lakini bega linakuwa gumu, na hapo ndipo kuchana nywele, kuanua nguo kwenye kamba au kutoa hela mfuko wa nyuma kunakuwa kazi. Mwisho bega huanza kulegea lenyewe, taratibu. Yote hayo huchukua kati ya mwaka mmoja na mitatu. Wengi hupona vizuri, ingawa baadhi hubaki na ugumu kidogo.

Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume. Mara nyingi haijulikani limeanzaje. Huweza kufuata kuanguka, upasuaji, au mkono kufungwa muda mrefu bila kusogezwa. Lakini kuna jambo moja ningependa kila anayesoma hapa alishike: kisukari. Mwenye kisukari yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuganda bega, na kwake hukaa muda mrefu zaidi. Wapo ambao bega ndilo linalowafikisha kupimwa sukari kwa mara ya kwanza. Mama mkubwa alitobolewa kidole miezi saba baada ya maumivu kuanza, na sukari ilikuwa juu. Miezi saba alikuwa akichuliwa bega, na sukari ikimwendea kimya kimya. Bega likiganda bila sababu, omba kupimwa sukari hata kama hujaambiwa. Matatizo ya tezi ya shingo nayo huambatana na hali hii.

Tiba hufuata hatua. Wakati wa maumivu makali lengo ni kuyatuliza ili mtu alale: parasetamoli, au dawa za jamii ya diklofenaki kwa ushauri wa daktari, kwa sababu hizo huumiza tumbo na figo na hupandisha presha, na watu wanazinunua dukani kama karanga. Daktari anaweza pia kuchoma sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ndani ya kiungo. Husaidia zaidi ikiwahi, ila mwenye kisukari ajue sukari yake itapanda kwa siku kadhaa. Kitambaa chenye maji ya moto kabla ya mazoezi hulegeza.

Mazoezi ndiyo yanayorudisha mwendo, na yanataka upole. La kwanza analoweza kila mtu: inama ukiegemea meza kwa mkono mzima, uache mkono mgonjwa uning'inie, kisha uubembeze mbele na nyuma, halafu kwa miduara midogo. La pili: simama ukielekea ukuta, vidole vikwee ukutani kama buibui, ukiweka alama ya chaki pale vilipofikia. Mama mkubwa alichora alama zake kwenye ukuta wa jiko. Wiki nyingine alama haikusogea hata kidogo, akataka kuacha. Maumivu yanayoisha dakika chache baada ya zoezi hayana shida. Yakikesha nawe usiku, umezidisha. Kuvutwa mkono kwa nguvu na mtu mwingine ili "ufunguke" ni hatari, usikubali. Fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, ipo kwenye hospitali kubwa kama Bugando, na wachache ambao bega halifunguki kabisa huko ndiko huzungumziwa habari za kunyooshwa bega mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi, au upasuaji.

Magonjwa mengine nayataja kwa ufupi. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, kuisha, ambako watu husema mifupa inasagana, hutokea begani pia, kwa kawaida uzeeni au baada ya jeraha la zamani, na hili eksirei huliona. Baridi yabisi kwa kawaida hushika viungo vingi, hasa vya vidole, na ugumu wake huwa mkubwa asubuhi. Na kwa kuwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni nyingi Kanda ya Ziwa: kijana mwenye selimundu anayeumwa bega kwa muda mrefu apelekwe hospitali, kwani kichwa cha mfupa kinaweza kuwa kimekosa damu na kinaanza kufa.

Usisubiri hata siku moja kama bega limevimba lina moto na una homa, kama limebadilika umbo baada ya kuanguka, au kama mkono umekufa ganzi ghafla. Maumivu ya bega yanayokuja na kifua kubana, jasho na kukosa pumzi yanaweza kuwa ya moyo. Hapo hakuna kuchua, ni hospitali.

Bega lililokwisha kupona ni nadra kuganda tena, lakini baadhi ya watu huja kupata upande wa pili ndani ya miaka michache. Kwa hiyo kila nikifika Igombe, baada ya shikamoo, namwomba mama mkubwa apeleke mikono yote miwili mgongoni nione inafika wapi.