Maana ya Riwaya ya Kihistoria, kwa Mfano wa Kijiji Kilichokumbwa na Tauni

Riwaya ya kihistoria ni hadithi ndefu ya kubuni ambayo matukio yake yanatokea katika wakati uliopita unaofahamika, na ambayo mtunzi wake amejifunga kuyaheshimu yale yaliyothibitishwa kuhusu wakati huo. Si kila riwaya yenye mavazi ya kale na mishumaa inastahili jina hili. Ikiwa kisa kinaweza kuhamishiwa karne nyingine bila kupungukiwa na chochote, ukale wake ni pambo tu.

Tuchukue kijiji cha Eyam, huko Derbyshire, Uingereza. Inasimuliwa kwamba mwaka 1665 George Viccars, msaidizi wa fundi wa nguo, alifungua robota la vitambaa lililotoka London, akafariki siku chache baadaye. Juni 1666 kasisi William Mompesson, akisaidiwa na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwashawishi wanakijiji wasivuke mipaka yao ili tauni isiwafikie majirani. Chakula kiliachwa mpakani, na malipo yakawekwa katika vitundu vya jiwe vilivyojazwa siki, kwa imani kwamba siki husafisha sarafu. Mwezi Agosti, Elizabeth Hancock aliwazika mume wake na watoto wao sita ndani ya siku nane. Hadi mwisho wa mwaka huo, watu wapatao 260 walikuwa wamekufa.

Mtunzi wa riwaya ya kihistoria hana ruhusa ya kumfufua hata mmoja wa watoto hao kwa sababu tu sura inayofuata ingependeza zaidi. Hata hivyo, kumbukumbu hazisemi mama yule aliwaza nini alipokuwa akichimba kaburi la nne, wala kama usiku alilala. Huo ndio uwanja halali wa ubunifu, na kwa maoni yangu ndiyo sababu ya aina hii ya utanzu kuwapo.

Ugumu wake mkubwa, ambao wasomaji wengi hawauoni, umo katika maarifa. Bakteria wa tauni alitambuliwa na Alexandre Yersin kule Hong Kong mwaka 1894, zaidi ya miaka 200 baada ya msiba wa Eyam, na nafasi ya viroboto katika kuueneza ugonjwa ikaeleweka baadaye. Kwa hiyo mhusika wa mwaka 1666 anayewatazama viroboto kwa shaka ameibomoa riwaya nzima, hata kama kila tarehe iliyomo ni sahihi. Mhusika huyo alipaswa kuogopa hewa chafu na ghadhabu ya Mungu, na kuogopa kwa dhati, kwa kuwa hakuwa na elimu nyingine ya kumsaidia. Mtunzi analijua jibu, lakini analazimika kuandika kama mtu asiyelijua.

Sisi wa Moshi na Arusha hatuhitaji kwenda mbali ili kuelewa jambo hili. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania, aliyetangazwa tarehe 16 Machi 2020, alikuwa msafiri aliyetua katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Tarehe hiyo imeandikwa na haitapotea. Yanayoweza kupotea ni ndoo zenye koki zilizowekwa milangoni mwa maduka, na namna mtu alivyoinua kiwiko badala ya kutoa mkono, huku akimwonea haya mkubwa wake. Inaweza kupotea pia nyungu: sufuria la maji ya moto yenye majani ya mchaichai na vipande vya malimao, na mama aliyejifunika shuka pamoja na mwanawe akimhimiza avute pumzi. Hakuna haki ya kumcheka mama huyo, kama isivyo haki kuicheka siki ya Eyam. Mtunzi wa mwaka 2120 atakayetaka kumwandika itambidi aingie naye chini ya shuka, mvuke umchome macho, naye bado hajui kama mtoto atapona.